Upepo wa Miezi na Upepo wa Saa



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya upepo: upepo wa bahari kuu, na upepo wa ziwa letu la Viktoria, ambalo wengi huliita Nyanza. Sitasema mambo ya kuwapendeza wataalamu tu. Nitasema habari zimfaazo mtu ambaye mwanawe, au nduguye, au mumewe, huondoka ufuoni magharibi na kurudi alfajiri.

Mtu akaaye Hamugembe, katika mji wa Bukoba, wakati wa masika huweza kulala usiku nyota zikiwa zimejaa mbinguni. Kumbe karibu na alfajiri huamshwa na ngurumo upande wa mashariki, ulipo ziwa. Mara huja upepo wa baridi, ukapiga milango na kupasua majani ya migomba, na nyuma yake mvua kubwa juu ya mabati. Mara nyingi, ifikapo saa nne au saa tano ya asubuhi, mvua imekwisha, jua limetoka, na watu wanakwenda sokoni kama kwamba hapana lililotokea.

Sasa mwanafunzi wa mtaa huo afunguapo kitabu chake cha jiografia, husoma habari za kaskazi na kusi, pepo mbili zilizovusha majahazi katika Bahari ya Hindi. Tena husoma ya kuwa pepo hizo hushika zamu miezi kwa miezi. Hapo hapana budi ajiulize, Je, upepo uliopiga mlango wetu asubuhi ni kaskazi au kusi? Mbona haukungoja mwezi wake? Hilo ni swali jema, na jibu lake ndilo hotuba yangu ya leo.

Natuanze na bahari. Mabaharia wa pwani, tangu Lamu hata Kilwa, waliugawanya mwaka kwa pepo. Karibu na Desemba huanza kaskazi, uvumao kutoka kaskazini-mashariki, nao hudumu hata Machi. Kisha huja majuma ya kugeuka kwa upepo, ambayo watu wa pwani huyaita maleleji, wakati upepo hauna njia moja. Baada yake, tangu Aprili hata Septemba, huvuma kusi kutoka kusini-mashariki, nao una nguvu kupita mwenziwe. Zamani majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi, yakaingia Mombasa na Unguja yamechukua tende, mazulia na nguo. Yakarudi kwa kusi, yamechukua boriti, pembe na karafuu. Nahodha aliyechelewa hata msimu ukampita hakuwa na dawa ila kungoja mwingine.

Asili ya zamu hii ni joto. Katika miezi ya Juni na Julai jua huichoma sana nchi kubwa ya Asia. Hewa iliyo juu ya nchi hiyo hupata moto, huwa nyepesi, hupanda. Na hewa ya baharini, iliyo baridi na nzito zaidi, huenda kushika mahali pake. Hewa hiyo iendayo ndiyo kusi yetu. Ifikapo Desemba na Januari mambo hugeuka: Asia imekuwa baridi, jua limehamia kusini, na hewa huteremka kutoka kule kuja huku. Hiyo ndiyo kaskazi. Basi upepo si kitu kingine ila hewa iendayo kutoka mahali pa baridi kwenda mahali pa joto. Mlishike neno hili, maana tutalihitaji tena.

Bahari hiyo ina adui mwingine, nayo ni tufani, yaani dhoruba kubwa izungukayo kama pia, yenye upana wa mamia ya kilomita. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikavunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu ya kisiwa hicho kwa wingi. Pemba iliponea kwa sehemu kubwa, na baadaye ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mwezi huo huo wa Aprili, mwaka 1952, tufani nyingine ilipiga Lindi. Na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika karibu na kisiwa cha Mafia, ikiwa imekwisha kupungukiwa na nguvu.

Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, tufani za namna hiyo haziji kwenu. Tufani hupata kuzunguka kwake kutokana na kuzunguka kwa dunia yenyewe, na nguvu hiyo ya kuzungusha ni hafifu sana karibu na mstari wa ikweta. Bukoba iko kusini ya ikweta kwa kiasi cha digrii moja na kidogo tu. Lakini msifurahi upesi. Ziwa lina dhoruba zake, na zimeua watu wengi. Tofauti ni hii: bahari humpa baharia miezi ya kujiandaa, bali ziwa humpa saa chache, na pengine dakika chache.

Sasa tulitazame ziwa. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Ukiziunganisha nchi za Rwanda na Burundi, ziwa bado huzizidi. Lakini kina chake si kikubwa. Mahali penye kina kuliko pote hapapiti sana mita 80. Nalo liko juu, kiasi cha mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, katikati ya nchi za milima. Maji mengi, jua kali, na milima kandokando: mambo hayo matatu ndiyo yaundayo upepo wa saa.

Wanafunzi, kesho fanyeni jaribio hili. Wekeni jiwe na sufuria ya maji juani tangu asubuhi. Adhuhuri gusa jiwe, litakuchoma. Gusa maji, ni vuguvugu tu. Usiku gusa tena: jiwe limepoa upesi, na maji yangali na joto kidogo. Jiwe ni nchi kavu, na maji ni ziwa. Mchana nchi huwa na joto kuliko ziwa, na kwa kuwa hewa huenda penye joto, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Ndiyo maana alasiri mawingu hujengeka juu ya vilima na milima, na ziwa lenyewe huwa jeupe na tulivu.

Usiku kila kitu hugeuka. Nchi kavu imepoa, ziwa limeweka joto lake. Pumzi ya baridi hushuka kutoka vilima vya Kenya upande wa mashariki, kutoka Uganda kaskazini, kutoka Buhaya na Karagwe magharibi, na kutoka Usukuma kusini. Zote huelekea ziwani. Zinapokutana juu ya maji hazina pa kwenda ila juu, nazo huchukua mvuke wa ziwa lenye joto. Mvuke huo hupanda, hupoa, huwa wingu. Wingu hukua hata kilele chake kikafika kilomita 15 na zaidi. Kisha huanza ngurumo na radi. Kwa sababu hiyo dhoruba nyingi za ziwa huzaliwa baada ya usiku wa manane, nazo huendelea hata saa tatu au saa nne ya asubuhi.

Tena juu ya haya yote uko upepo wa bahari, ambao kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, nao huyasukuma mawingu ya ziwa kuelekea magharibi, kwa Wahaya. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na Musoma, iliyo ng'ambo ya mashariki ya ziwa hilo hilo, haipati hata nusu yake. Na katika miezi ya Juni hata Agosti kusi lile la bahari hufika ziwani likiwa kavu, likachafua maji bila ya wingu la mvua kuonekana. Basi upepo wa miezi na upepo wa saa si wageni. Huishi nyumba moja, ila ule wa saa ndio umshikao mvuvi ghafula.

Wazee wa Kihaya walisimulia habari za Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, ambaye hakustahili kudharauliwa. Masimulizi hayo yana heshima yake, maana yalimfundisha mtu asilizoee ziwa kama alivyozoea shamba lake la migomba. Elimu ya leo haikuja kuondoa adabu hiyo, bali kuiongezea saa na sababu.

Sasa nitawapa mfano. Ni mfano tu. Simsemi mtu fulani. Tuseme ni usiku wa giza, mwezi haujatoka, na wavuvi wa dagaa wanajiandaa ufuoni, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa wakati wa giza. Kijana mmoja anamkuta mzee, mwenye kuongoza mashua, ameketi juu ya ubao anatazama mbingu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mbona hatuondoki? Maji yamelala kama mafuta."

"Naam, yamelala. Lakini umeona alasiri ya leo milima ilivyofunikwa na mawingu meusi, na ngurumo zilivyolia kule bara?"

"Nimeona. Lakini mvua hiyo ilinyesha nchi kavu, tena imekwisha."

"Imekwisha huko, mwanangu. Sasa ni zamu ya ziwa."

Ndugu zangu, mzee huyu wa mfano hakukosea. Mwaka 2016 na mwaka 2017 mtaalamu Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake walitoa uchunguzi walioufanya kwa picha za vyombo vinavyoizunguka dunia angani. Waliona ya kwamba dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu ni dalili mojawapo itangulizayo dhoruba kali za usiku juu ya ziwa. Waliona pia, kwa hesabu zao, kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba zilizo kali kuliko zote zitaongezeka nguvu juu ya ziwa hili kupita juu ya nchi kavu iliyo kandokando yake.

Natuendelee na mfano wetu. Tuseme mashua nyingine imekwenda. Saa tisa ya usiku wavuvi wake wako mbali na ufuo, taa zinawaka juu ya maji, na dagaa wanaingia wavuni vizuri. Upande wa mashariki umeme unamulika, lakini ngurumo haijasikika. Wanasema, Iko mbali hiyo, tuvute mara moja tu. Ghafula hewa iliyokuwa na joto inakuwa baridi, na upepo unawapiga usoni kabla ya tone moja la mvua.

Je, upepo huo watoka wapi? Mvua iangukapo kutoka katika wingu kubwa huivuta hewa ya baridi kuja nayo chini. Hewa hiyo ikifika juu ya maji haiwezi kwenda chini zaidi, hivyo hutawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndiyo hiyo itanguliayo mvua. Nayo huinua mawimbi upesi sana. Na mawimbi ya ziwa si kama yale ya bahari kuu, marefu na yenye nafasi katikati. Ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana. Mashua haijainua kichwa kutoka wimbi la kwanza, na la pili limekwisha kuingia ndani. Hapo mwenye jaketi okozi mwilini ana tumaini. Aliyeliacha nyumbani, au aliyelikalia kama mto, hana nafasi tena ya kulivaa.

Nisingependa hata hivyo mtu aondoke hapa akidhani ya kuwa kila msiba wa ziwa ni kosa la upepo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoondoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama asubuhi ilipokaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Haikuzamishwa na tufani. Ilichukua watu na mizigo kupita kiasi, nayo haikuwa imara katika kujisawazisha. Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zina kaburi au jina la kukumbuka siku ile. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Waliokufa walizidi 220. Tukumbuke basi: chombo kilichojaa kupita kipimo chake hakihitaji dhoruba. Na kikikutana na dhoruba, hata ndogo, hakina la kujitetea.

Bali tarehe 6 Novemba 2022 hali ya hewa ilikuwa mbaya kweli. Asubuhi ya siku ile, karibu saa tatu, mvua na ngurumo zikiwako, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba. Watu 19 wakafa. Watu 24 waliokoka, na waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tazameni saa yenyewe: ni saa ile ile niliyowaambia, ambayo dhoruba za ziwa hupenda kuja pwani ya magharibi.

Mtauliza, Tufanye nini basi? Nitasema mambo manne tu.

La kwanza, tazama mbingu alasiri, usingoje magharibi. Mawingu yakijenga minara juu ya milima na ngurumo zikalia kule bara, tia shaka juu ya usiku ujao.

La pili, sikiliza habari za hali ya hewa kabla ya kuondoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, na ina rada Mwanza iwezayo kuona mvua ikijengeka juu ya ziwa gizani. Kati ya mwaka 2017 na mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilishirikiana na nchi za ziwa hili katika mradi ulioitwa HIGHWAY, ili maonyo yawafikie wavuvi na wasafiri kwa maneno wanayoyafahamu. Walakini onyo lililotolewa na lisisikilizwe ni sawa na taa iliyowashwa katika nyumba isiyo na mtu. Wewe mwanafunzi ujuaye kusoma, wasomee wazee walioko ufuoni. Hiyo ni kazi yako.

La tatu, umeme ukimulika mashariki na upepo ukabadilika ghafula kuwa baridi, acha wavu, elekea ufuo ulio karibu, hata kama si ufuo wa kwenu. Nyavu hununuliwa tena.

La nne, vaa jaketi okozi tangu ufuoni, wala usichukue watu au dagaa kupita kipimo cha chombo.

Najua kuna watu wa Goziba, wa Bumbire na wa Musira watakaosema, Bwana huyu asema akiwa nchi kavu. Najua ya kuwa mvuvi wengi wamwonao si mwenye mashua. Hupata mgawo wake kwa samaki waliovuliwa. Usiku wa kukaa ufuoni ni siku ya mtoto kukosa daftari, au ya deni la dukani kuongezeka. Kwa hiyo neno langu la mwisho nawaambia wenye mashua kabla ya wavuvi. Mvuvi akikwambia, Bwana, usiku huu si mzuri, usimjibu, Basi nitampa mwingine nafasi yako. Ukimjibu hivyo, wewe ndiwe unayempeleka, nawe hutakuwamo ndani ya mashua. Mpe usiku mmoja wa kungoja, na heri mfanye mapatano mapema juu ya siku kama hizo, ili hasara igawanywe kama faida igawanywavyo.

Manahodha wa majahazi walingoja kusi kwa miezi, wala hapana aliyewaita waoga, waliitwa mabaharia. Mvuvi wa ziwa letu haombwi kungoja miezi. Huombwa kungoja saa chache tu, hata alfajiri ipite na wingu lishuke. Kisha dagaa wangalimo majini, na usiku mwingine waja.

Wanafunzi, msisahau jaribio la jiwe na sufuria. Na wazee, kesho mkisikia ngurumo za alfajiri upande wa ziwa, hesabuni kwanza kama vyombo vyote vimerudi.

Kwa leo nimekwisha. Kwa herini.